Ijumaa ya Kubandika

Nchi yenyewe msiniulize jina. Jina lake lilikuwa limepelekwa kwenye kamati kwa ajili ya kuboreshwa, na kamati ilikuwa bado inakunywa chai. Ila ilikuwa nchi njema, yenye mito, milima na mtawala mmoja, aliyeitwa Baba wa Mwanzo kwa sababu kabla yake hakukuwa na kitu, na baada yake hakukutarajiwa kitu.

Watoto wa shule za msingi wa nchi hiyo walifundishwa historia kwa bidii kuliko watoto wengine wote duniani, maana historia yao ilikuwa mbichi kila wiki. Wizara ya Kumbukumbu Sahihi ilikwisha kuona kwamba kuchapa kitabu kipya kila ukweli unapobadilika ni kazi ya kuchosha. Basi ikachapa kitabu kimoja, mara moja, na tangu hapo ikawa inatuma Karatasi za Ukweli Mpya. Walimu waliziita viraka, kwa sauti ya chini. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, masomo yalisimama nchi nzima. Walimu wakapika gundi ya uji wa muhogo, wakabandika kiraka juu ya kile kilichokuwa kweli mpaka Alhamisi.

Kitabu cha Darasa la Nne kilikuwa kimevimba kama mkate wa kumimina. Hakifungiki, hakibebeki. Watoto wafupi walikikalia ili waone ubao, na wizara iliposikia ilifurahi sana, ikatangaza kwamba historia inawainua watoto.

Katika Shule ya Msingi Kivumo, ng'ambo ya Mto Kivumo, historia ilifundishwa na Mwalimu Sikitu, mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikio moja. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na mmoja, na wilaya nzima ilimjua kwa jambo moja: gundi. Gundi ya Sikitu haikubanduka. Wenzake waliweka muhogo na maji tu, na mende wakaja wakala, ukweli ukaanguka vipande vipande kabla ya mwezi kuisha. Sikitu yeye alisaga majani ya mwarobaini akachanganya humo. Mende akilamba mara moja, harudi. Kuna kweli za serikali zilizodumu miaka ishirini bila kuguswa na mdudu, na sifa zote ni za mwarobaini.

Sasa, ukurasa wa arobaini ulihusu Daraja la Mawe la Mto Kivumo. Ukurasa huo ulimuuma Sikitu, kwa sababu chini yake, chini kabisa, alikuwamo mama yake.

*

Kitabu kilipotoka kiwandani kilisema daraja lilijengwa na wanawake kumi na wawili wa Kivumo, kikawataja kwa majina, na jina la kwanza lilikuwa Siwatu binti Hamdani. Bi Siwatu ndiye mama yake Sikitu. Kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilibaki chini ya jiwe la tatu, na mwenyewe alipenda kusema kwamba yeye ndiye mtu pekee nchini aliyezikwa kidogo kidogo.

Kiraka cha kwanza kilisema wanawake hao walisaidiwa na vijana wa chama. Cha pili kikasema vijana wa chama ndio waliojenga, wanawake wakawapikia. Cha tatu kikaondoa hata kupika. Cha nne kikaondoa vijana, kikabakiza chama. Cha tano kikamleta Baba wa Mwanzo akisaidiwa na chama, na cha sita kikaeleza kwamba Baba alijenga daraja peke yake, kwa mkono mmoja, kwa kuwa ule mwingine alikuwa akiwapungia wananchi.

Vyote sita Sikitu alivibandika kwa mikono yake mwenyewe. Ijumaa ya kiraka cha sita, alipofika nyumbani, Bi Siwatu, amekaa ukumbini anachambua kunde, aliuliza bila kuinua macho:

"Mmenibandika tena?"

"Ndiyo, mama."

"Niko chini ya wangapi sasa?"

"Sita."

"Mh! Hata kaburini mtu hufukiwa mara moja." Akatupa punje mbovu nje. "Na gundi umepika wewe?"

"Mimi, mama."

"Basi sitoki. Nakujua kwa kazi zako nzuri."

Alisema kwa mzaha, lakini Sikitu ule wali wa usiku hakuuona utamu.

*

Kiraka cha saba kilisababishwa na mtoto wa kike aitwaye Semeni, wa Darasa la Nne, dawati la mbele, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kujua hesabu.

Umri wa Baba wa Mwanzo uliwekwa na sheria. Ulikuwa miaka arobaini na minane, na ulikuwa hivyo kwa muda mrefu, bila kuonyesha dalili ya kuchoka. Daraja nalo lilikuwa linatimiza miaka hamsini. Semeni akanyoosha kidole.

"Mwalimu, arobaini na nane toa hamsini, haitoki."

"Kaa chini, Semeni."

"Nikope, mwalimu?"

"Hata ukikopa haitoki. Kaa chini."

Darasa likacheka, na kicheko kikafika ofisini kwa Mwalimu Mkuu, Mzee Mgoda, mtu ambaye moyo wake uliishi karibu na mlango. Mgoda akaandika taarifa, taarifa ikaenda wilayani, wilaya ikaipeleka juu, na huko juu wataalamu saba wakafungiwa hotelini kwa wiki tatu. Wakatoka na waraka: hesabu ya kutoa imeonekana kuwa na madhara kwa historia, hivyo imeondolewa mpaka Darasa la Nane. Shule za msingi za nchi ile ziliishia Darasa la Saba.

Muhula mzima, mtoto akipewa machungwa matano akala mawili, alibaki na saba. Aliyekataa alirudia darasa.

Pamoja na waraka kikaja kiraka cha saba: Baba wa Mwanzo alilijenga daraja kabla ya kuzaliwa, kutokana na haraka ya mapenzi yake kwa wananchi.

"Sasa hapo," alisema Bi Siwatu aliposomewa, "nimependa. Kama alijenga kabla ya kuzaliwa, mjulisheni kidole changu anacho yeye. Akirudishe."

*

Halafu ikaja habari yenyewe. Siku ya Jumatatu, Baba wa Mwanzo atazuru Kivumo kuadhimisha miaka hamsini ya daraja, na atawasomea watoto wa Darasa la Nne ukurasa wa arobaini kwa kinywa chake. Siku ya Jumanne, lori litapita kukusanya vitabu vyote vya zamani vikachomwe kwa heshima zote, kwa kuwa chapa mpya iko tayari, nyembamba, haina viraka. Humo ukurasa wa arobaini ulikuwa na sentensi moja: "Daraja la Kivumo lilikuwapo."

Sikitu alimweleza mama yake taratibu. Bi Siwatu aliacha kunde.

"Wakichoma, mimi nitakuwa chini ya wangapi?"

"Hakutakuwa na chini tena, mama."

Mwanamke yule mzee aliusukuma ungo pembeni. Sikitu alikuwa amezoea mzaha wake kwa miaka hamsini na mitatu, na ndiyo mara ya kwanza alimwona hana.

"Wenzangu kumi na mmoja wamekwisha kwenda," akasema hatimaye. "Mize, Tabu, Nangoja... Nilikuwa najiambia, ala, japo tuko chini ya uji, tupo. Haya. Nipe huo ungo."

*

Hapa lazima niwaeleze Sheria ya Neno, msije mkaona yaliyofuata ni uongo.

Katika nchi ile, kila neno lililotoka kinywani mwa Baba mbele ya watu lilikuwa historia kabla ya jua kuzama. Nyuma yake alitembea Karani wa Neno, amebeba rejesta na muhuri. Likisemwa, linaandikwa, linapigwa muhuri, limekwisha. Hakuna kamati wala kiraka kinachoweza kuligusa. Na kumkatiza Baba akiwa anasema kulihesabiwa kuwa ni kukatiza historia yenyewe, kosa ambalo adhabu yake haikuandikwa, ili watu waikisie.

Tena Baba alipenda mno kusoma kwa sauti, na alisoma chochote kilichowekwa mbele yake, bila kujisumbua na maana. Mwaka mmoja, katika uzinduzi wa hospitali, mtu alisahau chupa ya dawa ya kikohozi mezani pamoja na hotuba. Baba akaichukua, akasoma kwa sauti ya kutetemesha kuta: "Tikisa kabla ya kutumia!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Tangu siku hiyo watumishi wote wa serikali walitikiswa na wakuu wao kila asubuhi kabla ya kuanza kazi. Tija haikuongezeka, lakini wengi walipoteza vifungo.

*

Alhamisi akafika Bwana Pambalu, Mkaguzi wa Ukweli wa Wilaya. Alikuwa na suti ya vipande vitatu na tumbo la vipande viwili. Walimu wakapangwa mstarini.

"Ndugu walimu!" alinguruma. "Historia ni nini? Historia ni chombo! Na chombo ni nini? Chombo ni kitu! Na kitu kikiwa kichafu, nani atakula humo? Nauliza!"

Mzee Mgoda akapiga makofi, wengine wakafuata.

Pambalu akaingia chumba cha gundi, akainama juu ya sufuria ya Sikitu, akarudi nyuma kama aliyezabwa kibao.

"Kinachonuka humu ni nini?"

"Mwarobaini, mheshimiwa."

"Mwarobaini! Baba wa Mwanzo ainamie historia yake, anuse dawa ya homa? Mnataka kumuuguza kiongozi?"

"Hapana, mheshimiwa. Mwarobaini tunautia kwa sababu ya..."

"Usinifundishe! Mimi nimesomea gundi ng'ambo. Mwaga hiyo. Tia unga wa ngano. Tia sukari. Tia iliki, na samli kidogo. Nataka Baba akifungua kitabu, taifa linukie maandazi!"

Mwalimu Sikitu alifungua mdomo kumweleza habari za mende. Kisha akaufunga. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akikumbushwa kwamba mwalimu wa shule ya msingi hamjibu mkaguzi, na akaona leo ndiyo siku ya kulielewa somo hilo vizuri.

"Ni maneno mazuri sana, mheshimiwa," akasema, akitazama chini. "Yasipotee. Naomba uyaandike kwenye kitabu cha maagizo, na sahihi yako."

Hakuna kitu Pambalu alichokipenda kama sahihi yake. Ilikuwa na mikia mitatu. Akaandika nusu ukurasa, samli akaipigia mstari.

Ijumaa wakabandua viraka vyote saba kwa mvuke wa birika na kuvibandika upya kwa gundi ya sukari, maana mkaguzi hakutaka hata chembe ya mwarobaini ibaki. Ikanukia shule nzima kama harusi. Vitabu thelathini na tisa vikaingia kwenye sanduku la bati. Kikabaki kimoja, cha Baba, chenye utepe mwekundu kwenye ukurasa wa arobaini.

"Hiki si cha kuchanganywa na vya watoto," alisema Sikitu kwa unyenyekevu. "Kingekaa mahali pake peke yake. Labda kabatini, darasani."

Watoto wakatazamana. Kabati la Darasa la Nne walilijua. Semeni aliwahi kusahau humo andazi siku moja, kesho yake akakuta karatasi iliyolifunga tu, nayo ina matundu. Lakini mkaguzi hakuwauliza watoto. Alikiweka kitabu kabatini mwenyewe, akafunga mwenyewe, akatia ufunguo mfukoni na kubandika lakiri juu ya tundu.

"Mpaka Jumatatu," akasema, "hakuna kiumbe atakayekigusa."

"Hakuna, mheshimiwa," akasema Sikitu.

*

Jumatatu watoto walipangwa tangu alfajiri, wamepakwa mafuta mpaka jua likajiona usoni kwao. Bi Siwatu aliletwa akakalishwa nyuma na wanakijiji, kitenge kipya, mguu wa kushoto ameutanguliza mbele ili nao uone.

Baba wa Mwanzo akaja. Kwa mtu wa miaka arobaini na minane alitembea kwa shida sana, akishikwa kwapa huku na huku, na masikio yake yalikuwa yameota nywele nyeupe za miaka themanini. Akakalishwa kwenye kiti. Karani wa Neno akasimama nyuma yake, kalamu tayari.

Pambalu akavunja lakiri, akafungua kabati, akakitoa kitabu kwa mikono miwili. Sikitu aliyekuwa amesimama ukutani aliona mikono ile inapanda juu kuliko ilivyokusudia, kama mtu aliyenyanyua ndoo akidhani ina maji. Kitabu kilikuwa chepesi. Pambalu hakuwa na muda wa kufikiri. Akapiga goti, akamkabidhi Baba.

Baba akavuta utepe. Kitabu kikafunguka, na viraka vyote saba vikateleza kutoka ukurasa wa arobaini mmoja mmoja, vikavu, vyenye matundu, kama manda za sambusa. Vikamwangukia magotini na viatuni. Nyuma ya viraka akatoka mende mmoja, kitambi mbele, akashuka mguu wa suruali ya taifa bila haraka.

Pambalu alinyanyua mkono. Baba akawa amekwisha kufungua kinywa. Mkono ukabaki hewani.

"'Daraja la Mawe la Mto Kivumo,'" akasoma Baba wa Mwanzo kwa sauti yake ile ya kutetemesha kuta, "'lilijengwa na wanawake kumi na wawili wa kijiji hiki. Walibeba mawe vichwani siku arobaini. Majina yao ni Siwatu binti Hamdani...'"

Nyuma, Bi Siwatu akashika mkono wa jirani yake.

"'...Mize binti Shaweji, Tabu binti Mkopi, Nangoja binti Salehe...'" Akayasoma yote, moja baada ya jingine, mpaka la kumi na mbili, Hidaya binti Mpelumbe. Kalamu ya karani ilikwaruza. Wakuu wote walisimama vinywa wazi, jasho likiwachirizika, na hakuna aliyekohoa.

"'Siku ya mwisho,'" akaendelea Baba, "'alifika Mkuu wa Wilaya, kijana Kitwanzi. Alikata utepe, akala kuku watatu, akaondoka.'"

Hapo akasita. Jina Kitwanzi lilikuwa limekatazwa kutamkwa kwa miaka thelathini, na vijana hawakulijua kabisa. Lilikuwa jina alilopewa Baba na mama yake. Yule mzee akalitazama pale ukurasani, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyeonyeshwa picha ya zamani.

"Kitwanzi!" akasema. "Huyu nilimjua. Mlafi sana huyu."

Karani akaandika: *Mlafi sana huyu.* Akapiga muhuri.

*

Jioni hiyohiyo Pambalu alimfungia Sikitu ofisini.

"Nani alitia sukari kwenye gundi?"

"Wewe, mheshimiwa. Na samli umeipigia mstari."

"Nani aliyekiweka kitabu kabatini?"

"Wewe. Na ufunguo unao wewe."

Pambalu akaitazama sahihi yake, mikia yote mitatu. Kisha akawa mpole ghafla, akauliza kama shule inahitaji kitu chochote.

Wizara ilikaa siku nne. Neno lilikwisha kugongwa muhuri, halibanduki. Kama hakuna namna ya kuliondoa, wakaamua kulitukuza. Profesa mmoja alithibitisha kwa kurasa mia tatu kwamba ulafi ndio uliojenga mataifa yote makubwa. Ikatangazwa Siku ya Kuku Watatu, mapumziko ya kitaifa. Ikatolewa Nishani ya Mlafi, na Pambalu akapata ya daraja la pili, akalalamika kwamba alistahili ya kwanza. Maafisa wote wa serikali wakaagizwa kuhudhuria semina ya wiki mbili ya kujifunza ulafi. Semina ilifungwa siku ya kwanza kabla ya chakula cha mchana kuisha. Ilionekana wote walikwisha kuhitimu.

Na kwa kuwa majina kumi na mawili yalikuwa katika aya ileile ya kuku, na aya ya Baba haikatwi, ikabidi yabaki. Lori la Jumanne lilichelewa likaja Jumamosi, likabeba vitabu vipya, vile vyembamba, likaenda kuvichoma. Ijumaa iliyofuata walimu nchi nzima walibandua. Watoto wa pembe zote za nchi, wasioijua Kivumo wala mto wake, wakakariri: Siwatu, Mize, Tabu, Nangoja, mpaka Hidaya. Hesabu ya kutoa haikurudishwa, kwa tahadhari.

Sikitu alikileta kitabu nyumbani pamoja na Semeni, amsomee bibi. Mtoto akasoma taratibu, kidole juu ya mstari. Bi Siwatu alisikiliza amefumba macho. Jina lake liliposomwa akasema, "Rudia," likarudiwa mara tatu.

"Endelea mpaka kwenye kuku."

"'...Alikata utepe, akala kuku watatu, akaondoka.'"

Bi Siwatu akafumbua macho.

"Waongo hao."

"Mama?"

"Walikuwa wanne. Wa nne alimfunga kwenye leso yangu akaenda naye. Na leso hakurudisha."

Sikitu akamtazama mama yake, akakitazama kitabu. Kisha akamtuma Semeni uani akachume majani ya mwarobaini, mengi, naye akakata kipande kidogo cha karatasi, akavaa miwani, akaandika: *wanne, na leso.* Akainuka kwenda kubandika sufuria jikoni.